Kutoka Kubeba Mipira Hadi Kushika Filimbi

Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa udongo mweusi pembeni mwa mtaa wa Nyalenda, Kisumu. Wasichana wa chini ya miaka 15 wamepanga mstari, soksi zimevutwa hadi magotini, wanasubiri kukaguliwa. Refa anafungua karatasi ya kikosi, anatupa macho kushoto na kulia, kisha anamgeukia mwanamke aliyesimama mbele yake na neti ya mipira begani.

"Madam, kocha wenu amefika?"

Madam ndiye kocha. Kikosi kile amekipanga yeye, na mazoezi ya wiki nzima ameyasimamia yeye. Alijibu kwa upole, "Ni mimi, refa," akatia sahihi, na mechi ikaanza. Refa naye hakuwa na ubaya wowote.

Swali lile limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa.

Kinachonisumbua ni kwamba refa alikuwa na kila sababu ya kuuliza. Zunguka viwanja vya mtaani kutoka Manyatta hadi Mumias, uangalie ni nani amesimama wapi. Mwanamke aliye karibu na mstari, mara tisa kati ya kumi, ni matroni. Filimbi iko shingoni mwa mtu mwingine.

Mlango wa matroni

Timu ya wasichana haisafiri bila mwanamke. Shule zinalizingatia hilo, wazazi wanalidai, na wana haki. Kwa hiyo klabu ikianzisha timu ya wasichana, kwanza inamtafuta mama mmoja mwaminifu. Anabeba pedi na sanduku la huduma ya kwanza. Anahesabu watoto wakipanda matatu na kuwahesabu tena wakishuka. Anajua nani ametoka nyumbani bila kula, na nani ana binamu anayemsumbua njiani.

Kazi hiyo ni kubwa. Ndiyo iliyowaingiza wanawake wengi wa huku kwenye soka, na wengi wao wameachwa papo hapo mlangoni.

Misimu miwili mitatu inapita. Anakuja kijana aliyeacha kucheza juzi, anapewa filimbi siku hiyo hiyo. Matroni anayewajua wasichana wote kwa majina, anayejua nani anatumia mguu wa kushoto na nani akikaripiwa hufunga mdomo wiki nzima, anaendelea kugawa maji. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Filimbi humfuata aliyeendesha mazoezi ya jana, basi.

Na hapo ndipo naona pa kuingilia. Mwanamke anakuwa kocha pale anapokuwa na kipindi chake cha mazoezi: siku yake, saa yake, mpango wake, kila wiki bila kukosa. Vyeti vinafuata.

Nipe Jumanne

Kosa la kwanza ni kuomba "kusaidia." Msaidizi hupewa koni azipange, kisha asimame nyuma. Aombe siku moja tu, na aitaje mbele ya viongozi wa klabu: Jumanne ni yangu. Wakikubali, kocha mkuu siku hiyo akae pembeni au asije kabisa.

Halafu Jumanne hiyo iwe na mpango ulioandikwa.

Tuseme ana wasichana 24, mipira 4, koni 20 na bibu 12, zile fulana za kutofautisha timu. Kiza huku huingia kabla ya saa moja, na hakuna mzazi anayetaka binti yake awe njiani wakati huo, tena kuna maji ya kuchota. Waanze saa kumi na nusu, wamalize saa kumi na mbili kasorobo. Hizo ni dakika 75. Dakika 20 za kupasha mwili, 15 za rondo (mchezo wa pasi, wa nje wakiuzungusha mpira na wa katikati wakiuwinda), 15 za jambo moja alilolichagua kwa wiki hiyo, 20 za mechi, 5 za kuzungumza.

Sasa tazama kinachofanyika kwenye viwanja vingi badala ya hapo. Wasichana 24 wanapangwa mistari miwili mbele ya goli, kila mmoja anasubiri zamu ya kupiga shuti. Kila mstari ukipiga mara moja kwa sekunde 20, katika dakika 15 mstari mzima umepiga mara 45. Mstari una watu 12. Kila msichana ameugusa mpira chini ya mara nne. Muda uliobaki amesimama, amevutwa nywele na rafiki yake, amechoka kwa jua. Kocha atasema hawana umakini.

Wagawe makundi manne ya sita, kila kundi na mpira wake, kila kundi kwenye mraba wa hatua 10 kwa 10. Wanne nje, wawili katikati wanawinda mpira. Hata nusu ya muda ikipotea kwa kufuata mipira iliyotoka, kila mmoja ataugusa mara 20 na zaidi.

Rondo huharibika kwa njia zinazotabirika. Pasi tatu zikishindikana, mraba ni mdogo kwa kiwango chao: ongeza hatua mbili kila upande, au toa mwindaji mmoja. Walio katikati wakikata tamaa na kuanza kutembea, mraba ni mkubwa: punguza. Wa nje wakiganda kama miti, mara nyingi kila mmoja amejificha nyuma ya mwindaji bila kujua. Mwambie jambo moja tu: "Sogea hadi uuone mpira." Hatua mbili kushoto au kulia zinatosha, na ghafla mchezo unafunguka.

Asimamishe mazoezi mara chache, na akisimamisha aseme kwa sekunde 20, si dakika tatu. Wasichana wa miaka 13 hujifunza wakiwa wanakimbia.

Mechi ya mwisho iwe ya sita kwa sita, viwanja viwili vidogo vya mita 35 kwa 25, goli ni koni mbili. Ndiyo maana bibu 12 zinatosha: sita kila uwanja.

Usiku, kabla ya kulala, aandike mistari mitatu kwenye daftari. Waliofika. Kilichoenda vizuri. Kilichokwama, na kwa nini. Baada ya miezi sita daftari hilo litamsemea kuliko barua yoyote ya mapendekezo.

Magoti

Hapa ndipo ningetaka kila anayefundisha wasichana, awe mwanamke au mwanamume, asimame kidogo.

Ndani ya goti kuna kano inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele. Ikikatika, mara nyingi hakuna hata aliyemgusa mchezaji: ametua vibaya baada ya kuruka, au amegeuka ghafla huku mguu umekwama chini. Wasichana huumia hivyo zaidi sana kuliko wavulana, hasa kuanzia umri wa kubalehe. Upasuaji wake ni ghali, na kupona huchukua miezi tisa na zaidi. Wa mtaani wengi hawarudi tena uwanjani.

Kinga ipo na haina gharama. Mpango wa kupasha mwili wa FIFA 11+ una mazoezi 15 kwa sehemu tatu: mbio za polepole dakika 8, nguvu na kuruka na mizani dakika 10, mbio za kasi dakika 2. Ulijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Unafanywa angalau mara mbili kwa wiki. Walio chini ya umri huo wana mpango wao wa watoto.

Kinachouharibu ni haraka. Kocha anasema "fanyeni ile kitu," anageuka kupokea simu, nao wanaikimbiza kama adhabu.

Asimame mbele yao, asiwe pembeni. Waruke, watue kwa miguu miwili. Atazame goti moja kwa wakati. Likielekea kidole cha pili cha mguu, sawa. Likianguka kwa ndani kuelekea goti jenzake, amsimamishe, msichana apinde zaidi magoti na nyonga, aruke tena chini kidogo. Asikilize pia: anayetua kwa kishindo anategemea mifupa, anayetua kimya anatumia misuli. Kwa wasichana 24 hilo halikamiliki siku moja. Awatazame sita kila Jumanne, na mwezi ukiisha amewapitia wote.

Mizunguko mitano ya uwanja, ile ambayo sote tuliizoea, haikingi goti la mtu.

Mpira, chokaa na radi

Mambo madogo ndiyo yanayomfanya kocha aheshimiwe au adharauliwe.

Walio chini ya miaka 13 wachezee mpira namba 4, ulio na uzito wa gramu 350 hadi 390. Namba 5 ni gramu 410 hadi 450. Klabu hununua namba 5 kwa wote ili wakubwa nao wautumie, kisha tunashangaa msichana wa miaka 11 anapiga kwa ncha ya kidole. Mguu wake umegundua kwamba mpira huo hausogei vinginevyo.

Sindano ya pampu isiingizwe kavu. Tone moja la gliserini, ile ya dukani ya kujipaka, linaokoa vali. Sindano kavu inaichana, mpira unaanza kupoteza upepo kila usiku, na watu wanasema ni mpira feki. Huna kipimo cha upepo? Udondoshe kutoka usawa wa kichwa kwenye ardhi ngumu. Ukirudi kiunoni au juu yake kidogo, uko sawa.

Mistari ichorwe kwa jivu au maranda. Chokaa ambayo haijazimwa huchoma ngozi na macho, na mvua ikinyesha ndiyo mbaya zaidi.

Magoli ya chuma ya kuhamishika yafungwe chini au yaegemezwe magunia ya mchanga nyuma, na mtoto yeyote asining'inie. Goli likianguka linaua.

Na radi. Upande huu wa Ziwa Victoria mvua ya alasiri huja na umeme wa kweli. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Zikiwa 30 au chini ya hapo, kila mtu atoke uwanjani. Msirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mwembe ulio peke yake pembeni ya uwanja si pa kujikinga. Darasa ndilo, au gari lililofungwa. Hata kama mnaongoza 2-0 na zimebaki dakika tano.

Nyanya anauliza

Timu ya wasichana hujengwa nyumbani kwao kwanza. Kocha mwanamke hapa ana nafasi ambayo wengine hawana, kwa sababu anakaribishwa hadi jikoni.

"Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, nyanya atauliza, "huyu akivunjika mguu, ni nani atampeleka hospitali?"

"Tutampeleka sisi, nyanya," halitoshi, na nyanya analijua hilo. Jibu lenyewe ni daftari la pili. Jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, namba za simu za watu wazima wawili, ugonjwa wowote kama pumu au sikoseli, kama kaya imesajiliwa kwenye bima ya afya ya serikali, SHA, hospitali iliyo karibu, na nani ana gari au boda ya kuaminika siku hiyo. Nyanya aone daftari lenyewe, aone jina la mjukuu wake limeandikwa.

Aulize pia siku gani binti anahitajika. Kupanga mazoezi Jumapili katika mtaa ambao nusu ya wasichana wanasaidia kuuza kwenye soko la Kibuye ni kuua timu kwa mkono wako mwenyewe.

Mambo ya usalama yasionewe haya. Yeyote anayefundisha watoto awe na cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi, DCI, mwanamke pia. Watu wazima wasipungue wawili kwenye mazoezi na safari. Hakuna ujumbe wa simu wa faragha kati ya kocha na mchezaji. Kuna kundi la wazazi. Wasichana wajue namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, na wajue wanaweza kuipiga hata kama anayewaumiza ni mtu wa timu.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni mapema. Matroni akiwa kocha, nani sasa ni matroni? Asipopatikana mtu, atakuwa yote mawili. Msichana ataumia dakika ya 20, naye ataondoka na gari kwenda hospitali, na benchi litarudi kwa yule kijana. Kabla ya kuipokea filimbi atafute wa kuipokea neti ya mipira.

Fedha nazo azikatae. Wazazi humkabidhi mwanamke pesa za timu wakisema wanawake hawali pesa. Ni sifa inayogeuka kamba shingoni. Nauli, ada ya marefa, maji: mtu mwingine ashike, na hesabu isomwe mbele ya wazazi kila mwisho wa mwezi. Nimeona timu nzuri zikivunjika kwa shilingi mia tano ambazo hakuna aliyejua zilienda wapi.

Herufi nne na Pro

Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, hupanda kutoka D hadi C, B, A, kisha Pro. Hapa Kenya kozi huendeshwa kupitia shirikisho la soka la Kenya, FKF, na matangazo hupita kwenye matawi ya kaunti. Asingoje kuyasikia kwa watu. Aende tawini, aache jina na namba, arudi tena baada ya wiki mbili.

Darasani wengi hufaulu. Uwanjani ndipo panapokaza. Anaitwa mbele, anapewa mada, na wachezaji wake ni makocha wenzake, wanaume wengi wao, watu wazima wanaocheza kwa nguvu na kuongea juu yake. Sauti inapanda, mpango unasahaulika.

Dawa ni kufanya hivyo kabla ya kozi. Akusanye watu wazima 12, wachezaji wa zamani, makocha wa timu jirani, awaendeshee dakika 20 mara kadhaa. Ajifunze kunyamaza hadi wanyamaze. Ajifunze kusimama pembeni, akiwaona wote mbele yake, mgongo ukielekea nje ya uwanja.

Siku ya mechi vilevile, sauti iwe moja. Wakubaliane na msaidizi kabla ya kutoka nyumbani kwamba anayetoa maagizo ni yeye peke yake. Wasichana wakisikia amri mbili zinazopingana, watafuata ya mwenye sauti nene.

Ninapokwama

Nikisema aanze na Jumanne na daftari, namwomba mwanamke athibitishe kila wiki jambo ambalo mwanamume aliyechezea timu ya kaunti hupewa bila kuulizwa. Huyo hana daftari. Wengi wao hawana hata leseni D. Jina lake linatosha.

Hilo si haki, na sijapata njia ya kulizunguka. Ninachoweza kusema ni kwamba daftari linamfanya awe kocha bora kuliko huyo mwenye jina, na hilo linaonekana uwanjani mwaka wa pili.

Shaka nyingine: je, tunawapeleka wanawake kwa wasichana tu? Ninayoyaandika hapa yote yanahusu timu za wasichana, na natambua hatari yake. Mwaka 2024 Jackline Juma alipewa timu ya FC Talanta, akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika Ligi Kuu ya wanaume Kenya. Mwaka huo huo Mildred Cheche aliiongoza Junior Starlets kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia lolote la FIFA. Njia zote mbili zipo. Lakini hata huko juu kabisa mambo bado: Kombe la Dunia la wanawake la 2023 lilikuwa na timu 32, na makocha wakuu wanawake walikuwa 12.

Huku kwetu hazina ipo. Vihiga Queens walichukua taji la ukanda wa Afrika Mashariki na Kati, CECAFA, mwaka 2021 na kwenda Cairo kwenye Ligi ya Mabingwa ya kwanza ya wanawake ya CAF. Shule za Wiyeta na Butere Girls zimetoa wachezaji mwaka baada ya mwaka. Wasichana wa vizazi hivyo wanatundika daluga mmoja mmoja, wengine na miaka 26 tu, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanaweza kufundisha.

Mfuko wa klabu

Kwa hiyo kwa viongozi wa vilabu, mkikaa kupanga msimu.

Kabla ya jezi mpya, tengeni pesa za kozi ya mwanamke mmoja. Msiishie kwenye ada. Hesabuni nauli ya siku zote za kozi, chakula cha mchana, na malipo ya mtu wa kukaa na mtoto wake mdogo, kwa sababu hicho kipengele cha mwisho ndicho kinachowarudisha wengi nyumbani siku ya pili. Andikeni jina lake kwenye karatasi ya kikosi kama kocha mkuu tangu mechi ya kwanza ya msimu, hata ikiwa ni timu ya chini ya miaka 13. Na mkiitisha kikao cha makocha, kiwe saa ambayo ataweza kufika, akae mezani na daftari lake, na aulizwe kuhusu wachezaji kabla ya kuulizwa kuhusu maji.